Nani Anaweza Kumwambia Nani "Hapana"? Miaka Mia Moja ya Kanuni za Baraza, Kitui na Makueni

1/
Kila ikifika Juni huku mitandaoni tunaanza ule wimbo wetu. "MCA wetu ni bure." "Gavana amekalia pesa." "Bunge la kaunti livunjwe tu, tupumzike." Wiki mbili baadaye tumehamia mjadala mwingine, na barabara ya kwetu iko vile vile. Leo hebu tufanye tofauti. Turudi nyuma tuone hizi kanuni zinazotawala Kitui na Makueni zilitoka wapi, zilimpa nani nguvu gani, na mwananchi aliwekwa kona gani.

2/
Masharti ya uzi ni yale ya kila siku: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukitaka kutusi mtu, nyuzi za hiyo kazi ziko nyingi. Mimi nasoma sayansi ya siasa, nyumbani ni Kitui, kwa wajomba ni Makueni, kwa hivyo msinitafutie upande. Uzi ni mrefu. Uhifadhi, usome ukiwa umetulia.

3/
Swali litakalotuongoza ni moja tu: nani anaweza kumwambia nani "hapana", na ile hapana ikashika? Katiba, sheria, kanuni za bunge, zote ukizikamua unapata hilo swali. Wacha tulipitishe kwa kila kipindi.

4/
Kabla ya ukoloni, Ukambani hakukuwa na mfalme. Mambo ya watu yaliamuliwa na wazee katika nzama, na kila utui ulijisimamia kwa mambo yake. Sitasema ilikuwa demokrasia safi. Kina mama na vijana hawakuwa na kiti pale. Lakini hakukuwa na mtu mmoja aliyekaa mbali akatoa amri ikafika kila boma. Waingereza walipokuja walihitaji mtu wa kupokea amri, basi kwa sheria za 1902 na 1912 wakaweka wazee wa vijiji na machifu wa serikali. Mzee aliyekuwa anawajibika kwa jirani zake akaanza kuwajibika kwa DC.

5/
Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria na kuruhusu mabaraza ya wenyeji. Kuanzia 1925, Kitui na Machakos zikawa na mabaraza yao. (Makueni wakati huo ilikuwa ndani ya Machakos. Ilikuja kuwa wilaya peke yake mwaka 1992.) Kwa macho ya leo ungesema, enhe, ugatuzi huo! Baraza liliweza kutoza kodi yake ndogo, kusaidia shule na zahanati, na kupitisha maazimio kuhusu mambo ya eneo.

6/
Sasa uliza swali letu. Mwenyekiti wa baraza alikuwa nani? DC mwenyewe. Wajumbe kadhaa waliteuliwa na nani? Na yeye. Azimio likipita, linaanza kazi lini? Likishaidhinishwa na wakubwa wa serikali. Yaani wajumbe waliweza kusema "ndiyo" vile walivyotaka, lakini "hapana" yao haikumfunga mtu yeyote. Baraza la namna hiyo ni la kusikiliza wananchi wanasema nini, halafu mkubwa anaamua.

7/
Mwaka 1938 ndipo hilo lilionekana wazi. Serikali iliamua kwamba ng'ombe wa Wakamba wa Machakos ni wengi kuliko ardhi inavyoweza kubeba, ikaanza kuwachukua kwa lazima na kuwauza kwa bei ya chini. Kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River na kilihitaji ng'ombe. Baraza lilikuwepo, lakini halikuwa na kanuni hata moja ya kuzuia jambo hilo. Watu wakafanya nini? Wakatembea kwa miguu hadi Nairobi, wanaume, wanawake na watoto, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakidai kumwona Gavana wa koloni.

8/
Kiongozi wao alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Siku hizi kuna mtaa katikati ya Nairobi wenye jina lake na wengi wetu tunapita hapo tukikimbilia matatu. Lakini uuzaji wa lazima ulisimamishwa. Mimi nachukua funzo moja hapo: mahali kanuni haimpi mwananchi njia ya kusema hapana, ataisema kwa miguu. Na kuisema kwa miguu ni gharama kubwa. Watu waliacha mashamba, wengine wakafungwa.

9/
Mwaka 1950 mabaraza yakabadilishwa jina yakawa ya wilaya. Uhuru ulipofika 1963 yakawa mabaraza ya kaunti: Masaku, Kitui. Ndiyo, "kaunti" si neno la 2010. Wazee wetu walikuwa na kansela na baraza la kaunti kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Na mwanzoni yale mabaraza yalikuwa na kazi za maana: shule za msingi, afya, barabara.

10/
Halafu ikaja sheria ambayo sisi wa mitandaoni hatuitaji kabisa, na naona ilibadilisha maisha ya kijijini kuliko kampeni nyingi. Mwaka 1969 Bunge la taifa lilipitisha sheria ya kuhamisha majukumu. Kuanzia 1 Januari 1970, shule za msingi, afya na barabara zikatolewa kwa mabaraza ya kaunti zikapelekwa kwa wizara, Nairobi. Pamoja na kazi, zikaondoka na pesa. Baraza likabaki na soko, machinjio, leseni za biashara na ushuru wa mazao.

11/
Ukiwahi kujiuliza kwa nini wazee wakisikia neno "kansela" wanakumbuka tu askari wa soko na risiti, sababu ni hiyo. Baraza lilibaki na mkono wa kukusanya, ule wa kutoa ukakatwa. Mama akiuza ndengu au maembe sokoni alijua baraza kwa risiti ya asubuhi. Hakulijua kwa zahanati.

12/
Na hata hayo kidogo yalikuwa na mwenyewe mbali. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, ile ya Sura ya 265, sheria ndogo za baraza zilihitaji idhini ya Waziri. Bajeti ya baraza, Waziri. Maofisa wakuu waliletwa na kuhamishwa kutoka Nairobi. Mwenyekiti hakuchaguliwa na wananchi, madiwani walimchagua kati yao. DC wa 1925 alikuwa ameondoka kwenye kiti, lakini ile hapana yake ilikuwa bado inafanya kazi, imevaa suti ya Waziri.

13/
Mwishoni mwa miaka ya tisini palikuwa na afueni. Sheria ya 1998 ilianzisha mfuko wa kupeleka asilimia 5 ya kodi ya mapato kwa mabaraza, na baadaye mabaraza yakatakiwa kuwaita wananchi wataje miradi wanayotaka. Ule mtindo wa kuitwa ukumbini uandike "tunataka kisima" ulianzia hapo. Lakini mwananchi akisema kisima na baraza likajenga choo cha soko, hakuwa na kanuni ya kushika.

14/
Sasa tufike kwetu. Katiba mpya ilizinduliwa 27 Agosti 2010, na baada ya uchaguzi wa 4 Machi 2013 mabaraza ya zamani yakafa. Kitui ikapata wadi 40, Makueni 30. Badala ya baraza moja linalotunga kanuni na kuzitekeleza, tukapata nyumba mbili. Bunge la kaunti linatunga sheria, linapitisha bajeti na kuchunguza matumizi. Serikali ya gavana inatekeleza. MCA haruhusiwi kuwa waziri wa kaunti, na spika si MCA. Hakuna Waziri Nairobi wa kuidhinisha sheria ya kaunti.

15/
Hebu tuone mswada wa kaunti unavyotembea, maana hapa ndipo tunapigana bila kujua. Bunge likiupitisha, spika anampelekea gavana ndani ya siku 14. Gavana naye ana siku 14: atie saini, au aurudishe na maelezo ya kilichomkera. Bunge likitaka linarekebisha kama alivyosema. Likikataa, linaupitisha tena kwa theluthi mbili, na hapo gavana ana siku 7. Asiposaini, unahesabiwa umesainiwa. Halafu, na hii mshike vizuri, kifungu cha 199 cha Katiba kinasema sheria ya kaunti haianzi kazi mpaka ichapishwe kwenye Gazeti rasmi.

16/
Kwa hivyo sasa hapana ziko mbili, zinatazamana. Bunge linaweza kumkatalia gavana, gavana anaweza kulikatalia bunge. Waliotunga walifikiri wawili hao watalazimika kuelewana. Makueni ilitupa jibu mapema sana.

17/
Mwaka wa fedha wa 2014 bunge la Makueni na serikali ya kaunti hawakuelewana kuhusu bajeti. Mvutano mkubwa ulikuwa juu ya fungu la bunge lenyewe na mabadiliko ambayo MCA walitaka kwenye makadirio. Bajeti ikakwama, na ikikwama hakuna wa kutoa pesa: kila shilingi inayotoka mfuko wa kaunti lazima iidhinishwe na Msimamizi wa Bajeti, na yeye haidhinishi bila sheria. Tarehe 23 Septemba 2014 ugomvi ulitoka kwenye karatasi. Risasi zilifyatuliwa katika makao ya kaunti pale Wote, watu kadhaa wakajeruhiwa. Kwa sababu ya bajeti, ndugu zangu.

18/
Hapo ndipo wananchi wa Makueni walifanya jambo ambalo naona lingefaa kufundishwa shuleni. Walichimba sheria wakapata kifungu cha 192 cha Katiba na sehemu ya 123 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Inasema hivi: wananchi wakikusanya saini za angalau asilimia 10 ya wapiga kura waliosajiliwa, wanaweza kumwomba Rais aisimamishe serikali nzima ya kaunti. Gavana na bunge pamoja. Wakazunguka na karatasi, wakazipata hizo saini, na zaidi.

19/
Fikiria umbali kutoka 1938. Watu wa sehemu hizo hizo, hasira ile ile ya kutosikizwa, lakini safari hii sheria ilikuwa na mlango na watu wakaupata. Badala ya kupiga kambi Kariokor walipiga saini. Rais akaunda tume, tume ikasikiza watu na ikapendekeza kaunti isimamishwe. Mwaka 2015 Rais akakataa pendekezo hilo. Na hata angekubali, Seneti ilihitaji kuidhinisha, kisha ndani ya siku 90 uchaguzi wa kaunti ungeitishwa.

20/
Kuna watu watasema, "Si unaona, saini zote hizo zilikuwa bure." Naelewa. Lakini angalia kilichofuata. Nyumba zote mbili zilikuwa zimeona kwamba wapiga kura wanaweza kuwatoa wote bila kungoja miaka mitano. Na mwaka huo huo wa 2015 kanuni za fedha za kaunti zikatoka na kipengele cha 37: bunge likibadilisha makadirio ya bajeti, haliwezi kuongeza au kupunguza fungu lolote kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango chake. Asilimia moja! Shikeni hiyo namba, tutairudia.

21/
Mwaka 2015 pia bunge la Makueni lilipitisha Sheria ya Uhifadhi na Matumizi ya Mchanga. Kwa asiye wa huku: mito yetu mingi ni ya msimu, na maji hukaa ndani ya mchanga. Ukiangaza unaona jangwa, ukichimba unapata maji. Susu wangu amechota hivyo miaka yote. Wakati Nairobi inajengwa usiku na mchana, malori yakaja kuchukua mchanga, na mto ukibaki mwamba mtupu, maji yanakimbia yote siku ya mvua. Watu wameuana kwa mchanga Makueni, na mwaka 2011 hata afisa wa polisi aliuawa.

22/
Kanuni za kitaifa kuhusu mchanga zilikuwepo tangu 2007, lakini zilikuwa mwongozo. Enzi za baraza la zamani, lori la mchanga lilikuwa chanzo cha ushuru, na baraza lenye njaa haliwezi kulifukuza. Sheria ya 2015 iliunda mamlaka ya kusimamia mchanga, ikafanya kuchota bila kibali kuwa kosa, na ikaelekeza mchanga utumike ndani ya kaunti. Kuna vijana walipoteza kibarua cha kupakia, na hilo si jambo dogo. Lakini kwa kuwa ni sheria, kijana anaweza kuisoma, kupinga kifungu bungeni, kwenda kortini, au kudai irekebishwe. Inashikika.

23/
Linganisha na Kitui, mwanzo wa 2018. Kaunti ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa na mchanga nje, na ile marufuku ilitangazwa kama agizo. Nia ilikuwa nzuri, misitu yetu ilikuwa inaisha, mtu wa Kitui hahitaji kuambiwa. Lakini agizo linatoka mdomoni. Halina ukumbi wa maoni, halielezi nani anakamata na kwa utaratibu gani, halisemi litaisha lini. Muda si muda lori lililobeba makaa lilichomwa moto Kitui, na waandamanaji wakatokea Limuru wakilalamika. Jambo la mazingira likageuka kuwa jambo la kabila.

24/
Sisemi sheria ya Makueni ni takatifu na agizo la Kitui ni ovu. Nasema kanuni ina kazi ya kupunguza joto. Ikiwa imeandikwa, mwenye lori, mchoma makaa, polisi na mama anayechota maji wote wanajua mipaka. Isipoandikwa, kila kijana mwenye kiberiti anajiona askari. Kwa hivyo mkisikia "kumepigwa marufuku", swali la kwanza liwe: imechapishwa wapi?

25/
Tuje kwa mwananchi. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalilazimisha bunge la kaunti kufanya kazi wazi na kushirikisha watu. Na si mapambo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013, ile ya ada na leseni, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyofaa. Sheria nzima, ikaanguka. Wale wa "maoni yetu hayasaidii", kesi ya Kiambu ni yenu.

26/
Makueni ilijenga ngazi: watu wanakutana kijijini, kisha kundi la vijiji, kisha wadi ndogo, wadi, eneo bunge, hadi kaunti. Kila ngazi inachagua wawakilishi wake. Mradi ukianza, wananchi wanaunda kamati ya mradi, na utaratibu ni kwamba kontrakta halipwi mpaka kamati isaini kuwa kazi imefanyika. Hiyo ni hapana ndogo, lakini iko mkononi mwa mama wa kijijini, na kontrakta anaijua. Kaunti zingine zimekuja kujifunza.

27/
Kitui nayo iligawanya kaunti kuwa vijiji 247 na kuweka wasimamizi wa vijiji. Tatizo letu Kitui ni ukubwa. Kaunti yetu ni zaidi ya kilomita za mraba elfu thelathini, karibu mara nne ya Makueni. Kikao kikiitwa mjini, mtu wa Mutha, Tseikuru au Ngomeni anapoteza siku nzima na nauli ya kurudi. Kikao kama hicho kinatimiza sheria kwa karatasi, lakini wanaofika ni walewale wa karibu na stendi. Kudai kikao kiletwe wadini si kujisumbua bure, ni kudai ile nafasi Katiba inayosema.

28/
Sasa turudi Juni, na ile asilimia moja. Mwaka wa kaunti unatembea hivi:
1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unafika bungeni. Miradi inatajwa hapa.
30 Septemba: mapitio ya bajeti iliyopita.
28 Februari: Waraka wa Mkakati wa Fedha. Hapa kila idara inapewa kiwango chake.
30 Aprili: makadirio ya bajeti yanafika bungeni.
30 Juni: mwisho wa kupitisha.
Ndani ya siku 90 baada ya hapo: Mswada wa Fedha, yaani ada, leseni na ushuru wa soko.

29/
Mmeona tunapokosea? Sisi hupiga kelele Juni. Lakini viwango vya idara vilishawekwa Februari, na kwa kanuni ya 2015 hata huyo MCA unayemtukana Juni anaweza kusukuma fungu kwa asilimia 1 tu. Barabara ambayo haikuingia kwenye mpango wa Septemba na kiwango cha Februari, Juni haina pa kukaa. Ni kama kudai nyama sahani zikiwa zinaoshwa.

30/
Na kuna pesa hapo ya kweli. Mgao wa sawa kutoka serikali ya kitaifa mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa zaidi ya shilingi bilioni 10 kwa Kitui na zaidi ya bilioni 8 kwa Makueni. Kwa sensa ya 2019, Kitui ina watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Mabilioni hayo yanagawanywa kwa vichwa vya idara mwezi ambao sisi tunajadili mpira na Valentine.

31/
Najua mtakachosema, kwa sababu mmekisema kwenye nyuzi zilizopita. Kwanza: "Tangazo la kikao hutoka jana, kikao ni kesho." Kweli, hutokea. Hiyo ndiyo sababu ya kujua tarehe bila kungoja tangazo. Barua inapelekwa kwa karani wa bunge, unabaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kesi ya Kiambu ilishinda kwa sababu watu walionyesha hawakupewa nafasi. Bila karatasi, korti itaamini nini?

32/
Pili: "Hata tukiandika, hawajibu." Sheria ya Serikali za Kaunti inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi, na inazibana serikali na mabunge ya kaunti kujibu. Kama hawajibu, huo nao ni ushahidi. Tatu: "Hii ni kazi ya MCA." Ndiyo, analipwa. Lakini MCA ana mkubwa wa chama, ana spika, ana gavana wa kuombwa. Wewe huna wa kumwogopa. Hapana yako haina madeni.

33/
Tukirudi kwa swali letu: mwaka 1925 hapana ilikuwa ya DC. Baada ya 1963 ikawa ya Waziri. Tangu 2013 wamegawana gavana na bunge, na kipande kimeachwa kwa mwananchi: asilimia 10 ya saini, kikao cha maoni, ombi, kamati ya mradi, korti. Ni kipande kidogo, na kimewekwa ndani ya tarehe. Kikipita tarehe yake, kinarudi kwa wenye ofisi bila mtu kukunyang'anya.

34/
Kazi ya nyumbani, na ni rahisi. Andika kwenye simu tarehe mbili: 1 Septemba na 28 Februari. Wiki mbili kabla, uliza ofisi ya wadi kikao ni lini na wapi. Wakikuambia ni mbali, andikeni barua, hata watu watano tu, mkitaka kiletwe karibu. Chini hapa, kila mtu aandike wadi yake na mradi mmoja ambao kamati ya wananchi ilikataa kusaini, au ilisaini wakati kazi haijaisha. Msitaje majina ya watu. Tajeni wadi, mradi na mwaka. Nitakusanya, tuuanze uzi wa Agosti na hizo.